Mchoro na Uzio: Historia ya Usanifu Majengo Ikisomwa Kutokea Maganzo

Historia ya usanifu majengo nchini mwetu huandikwa kutokea Dar es Salaam. Huanza na majengo ya Wajerumani kandokando ya bandari, hupitia ofisi za Waingereza, hufika kwenye zege la miaka ya Uhuru, kisha huishia kwenye minara ya vioo ya Posta. Katika makala hii napendekeza tuisome kutokea Maganzo, mji mdogo wa Wilaya ya Kishapu ulio kwenye barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, jirani kabisa na mgodi wa almasi wa Mwadui. Maganzo hutajwa kwa sababu ya almasi, si kwa sababu ya majengo yake. Lakini ukiitazama nchi kutokea hapo, unaona waziwazi jambo ambalo Dar es Salaam hulifunika: mchoro wa jengo ni mamlaka, na mamlaka hayo hayajawahi kugawanywa sawa.

Ili hoja isielee, tumchukue mwanafunzi wa mfano. Amezaliwa Maganzo, yupo mwaka wa tatu wa shahada ya usanifu majengo, na kazi yake ya muhula ni kusanifu soko la mji wake. Ana kompyuta mpakato yenye programu za kuchorea, na ana muhula mmoja tu. Tumfuate hatua kwa hatua, kuanzia skrini ikiwa tupu hadi siku ya kuitetea kazi mbele ya jopo la watahini, na kila hatua tuitafutie asili yake. Tutaona kwamba kila anapobofya kitufe anagusa uamuzi wa kisiasa uliofanywa kabla hajazaliwa.

Skrini tupu na mji wenye uzio

Kabla ya kuchora ukuta wa kwanza, mwanafunzi anahitaji ramani ya eneo. Hapo ndipo anapokutana na historia kwa mara ya kwanza. Upande mmoja kuna ardhi ambayo imepimwa, ikachorwa na kupimwa tena tangu miaka ya 1940. Upande wa pili kuna mji ambao sehemu yake kubwa ilijengwa kwa kamba, vigingi na macho ya fundi.

Mwaka 1940 mwanajiolojia Mkanada, John Thorburn Williamson, aligundua almasi Mwadui baada ya miaka ya kuhangaika porini. Mwamba wenye almasi alioukuta, wenye eneo la hekta 146, ni miongoni mwa miamba mikubwa ya aina yake iliyowahi kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza katika harusi yake. Habari ya almasi ile imesimuliwa mara nyingi. Habari ya mji uliojengwa kuizunguka shimo lake haijasimuliwa vya kutosha.

Mwadui ilikuwa na nyumba za wafanyakazi kwa madaraja yao, hospitali, shule, klabu na uwanja wa ndege, vyote ndani ya uzio. Katika enzi ya ukoloni daraja la kazi lilikwenda sambamba na rangi ya ngozi, na rangi ya ngozi ikaamua ukubwa wa nyumba. Mji wa namna hiyo haujengwi bila michoro. Mabomba ya maji, nguzo za umeme na mitaro ya maji machafu huwekwa kwenye karatasi kabla ya kuwekwa ardhini. Maganzo ilikua nje ya mpaka huo, ikiwahudumia wafanyakazi, wanunuzi wa almasi na wachimbaji wadogo, kwa kanuni ya kawaida ya miji yetu: mtu hupata kiwanja kwa makubaliano, huita fundi, hupanga vyumba kwa hatua za miguu.

Baada ya kifo cha Williamson mwaka 1958, mgodi ulikwenda kwa De Beers pamoja na serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Baadaye dola ya Tanzania huru ikaushika, De Beers wakarejea mwaka 1994, na mwaka 2009 ikaingia Petra Diamonds. Wamiliki walibadilika, uzio ukabaki. Kijana aliyeuvuka kutafuta mawe aliitwa mbeshi, na mkutano wake na walinzi haukuwa wa heri. Mei 2021 Petra ilikubali kulipa fidia, bila kukiri dhima, katika madai ya wananchi waliolalamikia vipigo na majeraha waliyoyapata katika eneo la mgodi. Mstari ule kwenye ramani, kwa hiyo, haukuwa wino tu. Uliamua nani ni mfanyakazi, nani ni mvamizi, na nani atapata maji ya bomba.

Mwanafunzi wetu anapofungua programu na kukuta upande wa mgodi una data na upande wa nyumbani kwao una weupe, asidhani weupe ule ni upungufu wa kiufundi. Ni matokeo ya miaka mingi ya kuamua nani anastahili kuchorwa.

Mkono kabla ya mashine

Hatua ya pili ni kubuni umbo. Wakufunzi wengi bado humtaka mwanafunzi aanze kwa penseli, na wana sababu. Lakini mkono nao una historia yake.

Mwaka 1956 mambo mawili yalitokea katika Afrika Mashariki. Nairobi kilifunguliwa Chuo cha Kifalme cha Ufundi, ambacho ndicho chimbuko la Chuo Kikuu cha Nairobi, na usanifu majengo ukawa miongoni mwa masomo yake. Dar es Salaam ilianzishwa shule ndogo ya kufundisha upimaji wa ardhi, ambayo ndiyo mzizi wa Chuo Kikuu cha Ardhi cha leo. Tofauti hiyo inaeleza mengi. Tanganyika ilihitajiwa itoe mafundi wa kupima ardhi. Kufikiri juu ya nini kijengwe juu ya ardhi hiyo kulikuwa kazi ya watu wengine. Shule ile ilikua ikawa Chuo cha Ardhi, na ni katika miaka ya 1970 ndipo ilipoanza kutoa stashahada ya juu ya usanifu majengo. Mwaka 1996 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 ikapata hadhi ya chuo kikuu kamili.

Kabla ya hapo, Mtanzania aliyetaka kuwa msanifu alisafiri. Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye asili ya Goa, alisomea Bombay. Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa eneo letu kufuzu taaluma hii, alisomea Technion mjini Haifa, Israel. Amuli ndiye aliyesanifu Soko la Kariakoo, lililofunguliwa Desemba 1975. Paa lake ni mfululizo wa faneli kubwa za zege zilizosimama kama miti ya kivuli, na faneli hizo hukusanya maji ya mvua na kuyateremsha kwenye tangi chini ya jengo. Kazi ile ilichorwa kwa mkono. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko, na maelfu ya watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la Amuli wakatambua ghafla kwamba jengo lile lilikuwa sehemu ya maisha yao.

Mwanafunzi anayesanifu soko la Maganzo atavutiwa kuzinakili faneli zile, na kwa programu za leo atazipata kwa dakika chache. Angepata faida zaidi kama angelinakili swali la Amuli. Watu wetu hufanya biashara chini ya kivuli na wanahitaji maji: je, paa moja linaweza kutoa vyote viwili? Shinyanga mvua ni chache na huja kwa kishindo, jua ni kali na upepo hubeba vumbi. Swali ni lilelile, jibu haliwezi kuwa lilelile.

Usukuma pia una mfano wake wa karibu. Bujora, nje kidogo ya Mwanza, padre David Clement, naye Mkanada kama Williamson, alishirikiana na Wasukuma kujenga kanisa la duara linalofuata sura ya majengo ya utemi, na pembeni yake makumbusho ya utamaduni wa Kisukuma. Wakanada wawili walifika Usukuma katika kizazi kimoja. Mmoja alileta mji uliokamilika kutoka kwingine. Mwingine alianza kwa kuuliza nyumba ya mahali pale imekaaje.

Mwaka 1974

Hatua ya tatu ni kuhamisha wazo kutoka karatasini kwenda kwenye kompyuta. Leo jambo hilo ni la kawaida kiasi kwamba mwanafunzi hajiulizi kwa nini walimu wa walimu wake waliliona wakiwa watu wazima.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha programu aliyoiita Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Mwaka 1982 ilitoka AutoCAD, ikaifikisha kazi hiyo kwenye kompyuta ndogo za ofisini. Katikati ya miaka hiyo miwili sisi tulifunga mlango. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Aliyehitaji alipaswa kupata kibali maalumu. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na jaribio la Hazina la kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta lilikuwa limeleta hasara na fadhaa. Masharti yalilegezwa taratibu katika miaka ya 1980, na yakaondolewa katika miaka ya 1990.

Ni rahisi kuucheka uamuzi huo, na ni rahisi vilevile kuutetea. Mimi sioni haja ya lolote kati ya hayo mawili. Hofu ya kununua mashine ambazo hatukuwa na mafundi wa kuziendesha ilikuwa na msingi. Lakini wanaosema kwamba ujamaa ndio uliotuchelewesha wanapaswa kuitazama Hungaria. Nchi hiyo ilikuwa ya kijamaa, nayo ilikuwa chini ya vikwazo vya nchi za Magharibi vilivyofanya kompyuta ziwe ngumu kupatikana. Hata hivyo, huko Budapest, kampuni changa ya Graphisoft ilianza kwa kazi ya kuchora mabomba ya kituo cha nyuklia cha Paks kwa vipimo vitatu, na mwaka 1984 ikatoa programu ya usanifu majengo ambayo leo hutumika duniani kote kwa jina la ArchiCAD. Hungaria ilikuwa na shule imara za hisabati na uhandisi, na tatizo la nyumbani lililohitaji kutatuliwa. Uhaba wa mashine haukuwazuia. Kwetu marufuku iliondoka, mashine zikaja, lakini tulizipokea kama wateja. Leseni halali ya programu kubwa inaweza kuzidi ada ya mwaka, na matokeo yake ni nakala za wizi zinazopita mabwenini kwa flashi.

Mwaka uleule, mstari mwingine

Mwaka huohuo wa 1974 kulikuwa na mchoro mwingine mkubwa zaidi uliopita juu ya Usukuma. Operesheni Vijiji ilizihamisha kaya za Shinyanga kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika na kuzipanga kwa safu kandokando ya barabara. Kaya ya Kisukuma ilikuwa mfumo wa usanifu uliokamilika: nyumba za msonge, zizi katikati, ua wa minyaa, njia ya mifugo, na malisho yaliyohifadhiwa ya ngitili. Ilisambaa kwa sababu mifugo, maji na udongo vilitaka isambae. Mchoro wa safu ulitengenezwa mbali, ukatumika kila mahali, na haukuuliza chochote kati ya hayo.

Nakumbusha jambo hili kwa sababu kompyuta imeifanya tabia hiyo kuwa rahisi kuliko wakati wowote. Kazi ambayo programu huifanya kwa wepesi kuliko zote ni kunakili. Leo zahanati, vituo vya afya na madarasa hujengwa kwa michoro ya mfano inayotoka juu, na huohuo hutumika pwani, milimani na kwenye mbuga za Shinyanga. Tangu sheria ya madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, kampuni za migodi hupanga pamoja na halmashauri matumizi ya fedha za wajibu kwa jamii, na katika ukanda wote, kutoka Geita hadi Kahama na Kishapu, sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kwenye majengo. Mchoro wa mfano hupunguza gharama na huharakisha kazi, na sina ugomvi nao kama mahali pa kuanzia. Ugomvi wangu ni pale unapogeuzwa kuwa mahali pa kumalizia.

Udongo haumo kwenye skrini

Hatua ya nne ndiyo inayomtenganisha mwanafunzi hodari na mwenye picha nzuri tu. Programu humpa ardhi tambarare, nyeupe, isiyo na tabia. Ardhi ya Kishapu ina tabia. Sehemu kubwa ya mabonde ya Usukuma ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi wa kawaida hupata nyufa zinazopanda kutoka kwenye kona za madirisha, na mwenye nyumba humlaumu fundi au jirani. Wasukuma wanazijua ardhi hizi kwa majina. Luseni ni udongo wa mchanga wa mwinukoni, mbuga ni ule mweusi wa bondeni, na kati yake kuna nyingine kama itogolo, kila moja ikiwa na zao lake na tahadhari yake. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, Tanga, alieleza kitaalamu mwaka 1935 jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni. Mkulima wa Kisukuma alikuwa na msamiati wa mpangilio huo tayari.

Hapa ndipo kompyuta inapoweza kuwa chombo cha ukombozi. Mwaka 2000 chombo cha anga cha Marekani kilipima mwinuko wa sehemu kubwa ya uso wa dunia, na data zake hutolewa bure. Programu huria kama QGIS na Blender hazidai leseni. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wenyewe, kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko, mitaa ambayo kabla ya hapo haikuwa na ramani ya kueleweka. Mbinu hiyo haina sababu ya kuishia Tandale.

Mwanafunzi wetu, kwa data hizo za bure, anaweza kuchora kontua za Maganzo na Mwadui kwa pamoja, bila kuuheshimu uzio. Data hizo hazina usahihi wa mpima ardhi, lakini zinatosha kuonyesha maji yanaelekea wapi. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipasuka, na tope likafunika mashamba na kuharibu makazi ya wananchi walio chini yake. Tope halikuuliza mpaka wa leseni ya uchimbaji. Ramani inayoonyesha mgodi na vijiji kama mwinuko mmoja na mkondo mmoja wa maji ni ramani ya kisiasa, hata kama mchoraji wake ametumwa kutafuta tu mahali pa kuweka soko. Akiongeza juu yake majina ya udongo aliyoambiwa na wazee na nyufa alizopima kwenye nyumba za jirani, anakuwa na kitu ambacho hakuna programu iliyomuuzia.

Mbele ya jopo

Hatua ya mwisho ni siku ya kutetea kazi. Kishawishi cha siku hiyo ni picha angavu: soko linalong'aa wakati wa machweo, watu waliovaa makoti, sakafu inayoakisi mawingu. Picha hizo hupatikana kwa usiku mmoja, na siku hizi zipo programu zinazozizalisha kwa kuandikiwa sentensi tu. Jopo likitoa alama kwa mng'ao, wanafunzi watatoa mng'ao. Jopo likiuliza maswali ya Maganzo, watakwenda Maganzo. Msingi umesimama juu ya udongo gani? Maji ya paa yanakwenda wapi? Fundi wa hapo ataweza kuusoma mchoro huu? Mama anayeuza dagaa ataketi wapi saa saba mchana?

Kinachotiliwa mkazo hapa kinazidi alama za muhula. Sheria yetu, tangu 1997 na kwa sheria mpya ya 2010, inataka kazi ya usanifu ifanywe na waliosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Sharti hilo ni la haki. Lakini mjenzi wa kawaida wa Maganzo hana uwezo wa kumwajiri mtaalamu huyo, na hivyo anabaki na chaguo la ramani iliyopakuliwa kwenye simu au makadirio ya macho. Akiba ya miaka kumi ya mchimbaji mdogo huishia kwenye kuta zinazopasuka kabla mtoto wa kwanza hajamaliza shule ya msingi. Utajiri uliotoka ardhini unarudi ardhini kwa namna ya ufa.

Yapo mambo mawili yanayowezekana bila kusubiri mradi wa wafadhili. Kwanza, vyuo vyetu viziweke kazi za wanafunzi, hasa vipimo na ramani walizokusanya, katika ofisi za halmashauri husika, badala ya kuziacha zife kwenye flashi. Kila muhula wanafunzi wengi hupima maeneo halisi ya nchi hii, na kwa miaka kumi hazina hiyo ingejaza sehemu kubwa ya weupe tuliousema mwanzoni. Pili, halmashauri za ukanda wa migodi zitenge sehemu ndogo ya fedha za wajibu kwa jamii kumlipa msanifu na mpima wa kutayarisha misingi inayofaa kwa kila aina ya udongo wa wilaya, michoro ambayo fundi yeyote ataichukua bure na kuelezwa kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma inapobidi.

Mwadui ilikuwa na michoro yake tangu miaka ya 1940. Maganzo bado inasubiri ya kwake, na safari hii vifaa vya kuichora vimo mikononi mwa watoto wake.